Mwanafunzi wa udaktari akimpima mtoto wako

Wazazi wengi hapa Nakivale wanauliza kwa nini mtoto mgonjwa anapimwa na kijana mwanafunzi ambaye hata Kiswahili hajui. Udaktari wa watoto haujifunzwi darasani peke yake. Mwanafunzi anampima mtoto, kisha mkubwa wake anaipitia kazi hiyo. Wengi wao wamesoma kwa Kiingereza na nyumbani wanasema Kinyankole au Kiganda. Wewe unasema Kiswahili, Kirundi au Kibembe. Katikati tunasimama sisi wahudumu wa kujitolea.

Ukiona anamfunua mtoto kifua huku akitazama saa, anahesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha 40, anapumua haraka na huenda ana nimonia. Mtoto anayelia hahesabiki vizuri, kwa hiyo mbembeleze kwanza. Hapo lugha haina kazi kubwa.

Shida iko kwenye maswali. Chukua neno "ejo" la Kirundi: ni jana, na ni kesho pia, kama "lobi" ya Kilingala. Mwenye lugha anaelewa kwa kusikia sentensi yote. Lakini mwanafunzi aliyeokota maneno mawili matatu akisema "dawa, ejo", mama hajui kama anaulizwa ya jana au anaambiwa aanze kesho. Basi hesabuni siku kwa vidole. Kuhara kwa siku 2 na kuhara kwa siku 14 au zaidi havitibiwi sawasawa.

Halafu kuna "ndiyo" ya heshima. Mama anaulizwa, mtoto ananyonya? Anajibu ndiyo, kumbe mtoto ameligusa titi tu akaliacha. Sema hivyo hivyo ilivyo. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, yuko hatarini. Dalili moja tu inatosha. Usisubiri foleni, ita mhudumu yeyote.

Kuhusu kutafsiri, mimi sipendi kuona mtoto wa miaka 9 akimsemea mama yake. Kuna mambo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe. Jirani naye anafupisha: mama ameeleza usiku mzima ulivyokwenda, yeye anasema "ana homa", basi. Una haki ya kuomba mhudumu anayejua lugha yako, na kumwambia, "Hujasema yote."

Kabla ya kuondoka, rudia maelezo ya dawa kwa lugha yako, mkalimani amweleze mwanafunzi ulivyoelewa. Hasa zinki ya kuhara: inatolewa kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, hata kama choo kimeshakuwa kizuri siku ya tatu. Wengi wanaiacha hapo.