Wiki mbili kabla ya mtihani: Panga usingizi na dawa kwanza, masomo yafuate

Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanyika kila mwaka mwezi Novemba. Kwa kijana anayeota kuwa mwalimu, huo ndio mlango wa chuo. Kwa kawaida vyuo vya ualimu nchini Tanzania huangalia cheti, na kinachotakiwa ni ufaulu wa daraja la kwanza hadi la tatu.

Hesabu yake ni kali. Masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi hujumlishwa pointi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la tatu linaishia kwenye pointi 25. Ukipata 26 uko daraja la nne, na chuo cha ualimu kimekupita. Alama 45 ni C na alama 44 ni D. Maana yake alama moja katika somo moja inaweza kumfungia mtu mlango.

Ndiyo maana wiki mbili za mwisho taa huwaka hadi saa 8 usiku katika nyumba nyingi. Mtoto anakesha, mzazi anampelekea chai ya rangi, na wote wanaamini kwamba hiyo ndiyo bidii. Kitabibu, hapo ndipo alama nyingi hupotea. Na kama mtahiniwa ana ugonjwa wa kudumu, hapo ndipo ugonjwa nao huamka.

Makala haya ni kwa ajili yako mzazi mwenye mtahiniwa nyumbani, na kwa ajili yako uliyemaliza shule zamani unayerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huku ukilea watoto au ukitumia dawa za kila siku.

Ubongo huhifadhi ukiwa umelala

Unachosoma mchana hukaa kwanza sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Ukilala, hasa katika usingizi mzito, ubongo huyapitia tena mambo hayo na kuyapeleka sehemu za kuhifadhi kwa muda mrefu. Ukikatisha usingizi, kazi hiyo inabaki nusu. Umesoma, lakini hujahifadhi.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Uchunguzi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo hupungukiwa na umakini karibu sawa na mtu aliyekunywa pombe kiasi. Fikiria mtahiniwa aliyekesha akisoma hesabu, kisha saa 2 asubuhi anafungua karatasi ya Hisabati. Hakuna mzazi ambaye angempa mwanawe pombe kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

Kwa hiyo ratiba ya wiki mbili za mwisho ianze na saa ya kulala. Andika kwanza: kulala saa 3:30 usiku, kuamka saa 11:30 alfajiri. Hizo ni saa 8. Masomo yapangwe katika muda unaobaki. Anayenyonyesha au kuuguza usiku hataweza kupata saa 8 za mfululizo. Huyo alale dakika 20 hadi 30 mchana, na watu wa nyumbani wampokee mtoto.

Kusoma tena na tena kunadanganya

Wengi hujiandaa kwa kusoma daftari mara ya tatu na ya nne. Kila wanaporudia, maneno yanaonekana ya kawaida na wanajiona wameelewa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fupi mara mbili. Kundi la pili liliisoma mara moja, kisha likaandika lilichokumbuka bila kuangalia.

Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza: walikumbuka asilimia 81, wenzao asilimia 75. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na waliojipima walikumbuka asilimia 56.

Somo lake ni rahisi. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kuhusu mada, kisha fungua uone ulichosahau. Inachosha na inavunja moyo kidogo, lakini ndiyo inayobaki kichwani. Mzazi ambaye hakusoma sana anaweza kusaidia hapa: shika daftari, muulize mtoto swali, msikilize akieleza kwa maneno yake. Huhitaji kuijua Biolojia ili kutambua kwamba mtoto amekwama.

Siku 14 zigawanywe hivi

Siku ya kwanza, andika masomo yote na mada za kila somo. Weka alama tatu: unayoiweza, unayoyumba nayo, usiyoijua kabisa. Nguvu kubwa iende kwenye mada unazoyumba nazo, hasa katika masomo yaliyo karibu na mpaka wa C na D. Mada ngumu ambayo hujawahi kuielewa kwa miaka minne inaweza kula siku tatu na kukupa alama mbili.

Siku ya 1 hadi ya 7, soma kwa vipande vya dakika 45 hadi 50, kisha pumzika dakika 10. Wakati wa mapumziko simama, tembea, kunywa maji. Usiingie kwenye simu, maana dakika 10 za simu huwa saa nzima. Usishike somo moja kutwa. Changanya mawili au matatu, na kila mada uirudie baada ya siku mbili tatu kwa kujipima.

Siku ya 8 hadi ya 12, fanya mitihani ya miaka iliyopita kwa saa zilezile za mtihani. Karatasi nyingi huanza saa 2 asubuhi au saa 8 mchana. Keti mezani saa hizo, weka saa mbele yako, usiinuke mpaka muda uishe. Mwili unazoea kuwa macho muda huo.

Siku mbili za mwisho ni za muhtasari mfupi, kanuni na michoro. Usianze mada mpya. Jioni ya mwisho andaa kalamu, rula, sare, kitambulisho na dawa zako, kisha ulale. Mtahiniwa wa kujitegemea aende kukiona kituo chake mapema na kujua usafiri wa kufika huko.

Chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu

Kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua mwilini kwa nusu. Kikombe cha kahawa cha saa 11 jioni bado kina nusu ya nguvu yake saa 4 usiku. Mtahiniwa anaweza kulala, lakini usingizi wake utakuwa mwepesi. Kesho anaamka amechoka, anaongeza kikombe, na mzunguko unaendelea. Anayekunywa chai au kahawa aishie saa 6 mchana.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila duka havifai kwa watoto na vijana. Huongeza mapigo ya moyo, wasiwasi na kukosa usingizi. Mwenye tatizo la moyo, kifafa, vidonda vya tumbo au mjamzito akae navyo mbali.

Pia jihadhari na dawa za mafua na mzio kama klofeniramini, ambazo huleta usingizi hadi siku inayofuata. Kwa ujumla, usimpe mtahiniwa dawa ambayo hajawahi kuitumia usiku wa kuamkia mtihani.

Kama mtahiniwa ana ugonjwa wa kudumu

Pumu: Pampu ikaguliwe wiki mbili kabla kama bado ina dawa, na iwe mfukoni siku ya mtihani. Dawa ya kuzuia inayotumika kila siku isiachwe kwa sababu mtoto anajisikia vizuri.

Selimundu: Maji ya kutosha kila siku, nguo ya joto asubuhi za baridi, na dawa zote kama kawaida, ikiwemo foliki asidi na haidroksiurea kwa aliyeandikiwa. Kukesha, kiu na baridi kwa pamoja vinaweza kuleta maumivu makali yatakayomlaza wodini wiki ya mtihani.

Kifafa: Kukosa usingizi ni mojawapo ya vichochezi vikubwa vya degedege. Kwa mtahiniwa huyu, kulala ni sehemu ya matibabu. Asiruke hata dozi moja.

Kisukari: Asiingie mtihani bila kula. Apime sukari asubuhi, na awe na glukosi au juisi karibu. Kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Watu wengine wanaweza kudhani ni woga wa mtihani.

Anayetumia ARV au dawa nyingine za kila siku: Hesabu vidonge leo. Kama tarehe ya kliniki inaangukia siku ya mtihani, nenda kituoni mapema uombe ibadilishwe.

Maumivu ya hedhi: Binti anayeumia sana kila mwezi apange mapema. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri ikianza kutumika maumivu yanapoanza tu, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo au pumu amuone daktari kwanza.

Mzazi, mweleze mapema mkuu wa shule au msimamizi wa kituo kuhusu hali ya mtoto, ili kunywa maji, kutumia pampu au kwenda chooni kusionekane ni udanganyifu.

Homa ikija katikati

Usimpe mtoto dawa za maumivu tu ukingoja mtihani uishe. Nenda ukapime malaria kwa kipimo cha haraka. Majibu hutoka ndani ya nusu saa. Ikiwa ni malaria, dawa mseto ya ALU ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili hunywewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Wengi huacha homa ikishuka siku ya pili, na ugonjwa hurudi wakati karatasi hazijaisha. Anayesomea nje au sebuleni jioni avae nguo ndefu, na chandarua kisisahaulike.

Chakula chake kiwe kile alichozoea. Uji wa ulezi, viazi vitamu, mayai, maharage, mboga na tunda vinatosha. Asubuhi ale kabla ya kutoka. Kabla ya karatasi ya mchana asile chakula kizito cha mafuta kitakachomletea usingizi. Maji yachemshwe, mikono inawe, na vyakula vya kibandani visubiri. Kuhara siku moja kunaweza kuharibu kazi ya miaka minne.

Hofu ya kawaida na hofu ya hatari

Moyo kwenda mbio, viganja kulowa na tumbo kukoroga kabla ya mtihani ni kawaida. Mfundishe mtoto kuvuta pumzi taratibu akihesabu hadi nne, kisha kuitoa akihesabu hadi sita, mara kumi. Aanze na swali analoliweza, hata kama ni la tano kwenye karatasi.

Lakini kama haamshwi na chochote au halali kabisa siku kadhaa, hali chakula, analia bila sababu, anajitenga, au anasema afadhali afe, hilo si suala la kusubiri matokeo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Maneno ya nyumbani nayo yana uzito. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ada imeuzwa shamba, au kwamba binamu yake alipata daraja la kwanza, hulala na mzigo huo. Mwambie waziwazi kwamba unamtakia ufaulu, na kwamba ikishindikana mtakaa pamoja kuangalia njia nyingine. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ni njia iliyopo, na wapo walimu walioingia darasani kupitia huko.

Leo jioni, kabla ya kufungua daftari, kaeni pamoja dakika 15. Andikeni saa ya kulala, saa ya dawa na saa ya kula. Kisha gaweni masomo katika muda uliobaki. Ratiba hiyo ibandikwe ukutani, na kila mtu wa nyumbani aijue, ili saa 3:30 ikifika redio ipunguzwe sauti na taa izimwe.