Kanuni Iliyoandikwa na Kanuni Inayotenda: Ukaguzi katika Seva za Linux

Mwanasarufi anafahamu vyema kwamba kanuni iliyomo kitabuni si lazima iwe ndiyo inayotawala vinywa vya wasemaji. Tofauti hiyo imo pia katika ukaguzi wa seva za Linux, ambamo siku hizi huhifadhiwa matini, kamusi na hata matokeo ya mitihani. Anayeipuuza huenda akagundua, baada ya kumbukumbu kuharibiwa, kwamba hana ushahidi wa kumtambua mhusika.

Kanuni ya ukaguzi ni sentensi fupi. Mfano ni huu:

-w /etc/passwd -p wa -k watumiaji

Sehemu ya kwanza hutaja faili linaloangaliwa, yaani orodha ya watumiaji. Ya pili hutaja vitendo: w ni kuandika, a ni kubadili sifa za faili. Ya tatu ni lakabu ya kutafutia habari baadaye.

Kanuni hiyo huandikwa katika faili ambalo jina lake huishia kwa .rules, ndani ya saraka ya /etc/audit/rules.d. Hata hivyo, hapo ingali maandishi matupu. Amri ya augenrules --load ndiyo huyakusanya mafaili hayo na kuzikabidhi kanuni kwa kiini cha mfumo; na kiini ndicho kinachotazama, wala si faili. Hapa ndipo penye utelezi. Iwapo kanuni za awali zilifungwa kwa -e 2, kiini hakipokei badiliko lolote mpaka mashine iwashwe upya. Msimamizi huisoma kanuni yake mpya failini akaridhika, ilhali kiini kingali kikifuata zile za zamani.

Kwa hiyo uhakikisho una hatua tatu. Kwanza, amri ya auditctl -l hukitaka kiini kizitaje kanuni kinazozifuata, nazo zilinganishwe na zilizoandikwa. Pili, msimamizi akitende kwa makusudi kitendo kinachoangaliwa. Mathalani, touch /etc/passwd hubadili saa ya faili bila kugusa yaliyomo. Tatu, ausearch -k watumiaji itafute habari za kitendo hicho. Katika jibu lake itazamwe auid, nambari ya mtu aliyeingia mfumoni hapo mwanzo. Hata mtu huyo akijivika madaraka ya msimamizi mkuu, nambari hiyo kwa kawaida haibadiliki: joho ni jipya, mvaaji ni yule yule.

Jaribio lisipoacha habari yoyote, basi kanuni haitendi, hata ikiwa imeandikwa kwa ufasaha namna gani.