Fikra za Usanifu na Stadi za Kazi za Ubunifu kwa Wanafunzi wa Sekondari: Ufafanuzi kwa Kurejelea Wilaya ya Rungwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna fikra za usanifu zinavyoweza kufundishwa kwa wanafunzi wa sekondari wilayani Rungwe. Hoja kuu ni kwamba hatua inayostahili uzito zaidi darasani ni ile ya kumwelewa mtumiaji, na kwamba upimaji usiothamini marekebisho huiua mbinu hii mapema. Hoja hiyo inajengwa kwa kutumia historia ya ujenzi miongoni mwa Wanyakyusa na mfano mmoja wa kidhahania kuhusu zao la chai.

1.0 Utangulizi

Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutekelezwa Januari 2024, umeigawa elimu ya sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mabadiliko hayo yanatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Hivyo basi, swali linalomkabili mwalimu leo si kama ubunifu ufundishwe, bali ufundishwe vipi.

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ni mahali panapofaa kuliulizia swali hilo. Mji huu umezungukwa na ardhi ya volkano inayopata mvua nyingi, na wakazi wake hulima chai, ndizi, kahawa, viazi na maparachichi, sambamba na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mwanafunzi hukua akiviona vitu hivi kila siku. Hata hivyo, anapoingia darasani huvikuta vimegeuka orodha ya mazao ya kukariri, ilhali kila zao lina matatizo yanayosubiri mtu wa kuyafikiria.

2.0 Dhana ya fikra za usanifu

Mwaka 1969, katika kitabu chake The Sciences of the Artificial, Herbert Simon alijenga hoja kwamba usanifu si kazi ya wachoraji wa majengo na wahandisi peke yao. Kwa mtazamo wake, kila anayepanga namna ya kuibadili hali iliyopo ili iwe bora zaidi anasanifu. Baadaye, Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kilisaidia kueneza mfumo wa hatua tano: kumwelewa mtumiaji, kulibainisha tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza kielelezo na kukijaribu. Hatua hizi hazipandwi mara moja kama ngazi. Jaribio likishindikana, msanifu hurudi nyuma, pengine hadi kwenye hatua ya kwanza.

Stadi za kazi za ubunifu ni uwezo unaojengeka kutokana na mzunguko huo: kuhoji na kusikiliza, kuchora, kukadiria gharama, kufanya kazi na wenzako, na kumweleza mtu mwingine wazo likaeleweka. Stadi hizi humfaa anayetarajia kubuni vifungashio vya kahawa au kuunda samani za mianzi. Vilevile humfaa anayetaka kuwaandalia maelezo wageni wanaofika Daraja la Mungu au Ziwa Ngosi.

3.0 Usanifu Rungwe kabla ya darasa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba fikra hizi ni ngeni Rungwe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company (1951) kuhusu vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao na kuanza kujijengea vibanda vyao pamoja na wenzao, ingawa waliendelea kula kwa mama zao. Vibanda vya kwanza vilikuwa dhaifu. Kadiri walivyokua, ndivyo ujenzi wao ulivyoimarika.

Jambo la kuzingatia hapa ni uhusiano kati ya mjenzi na matokeo ya kazi yake. Kijana alilala ndani ya kile alichokijenga. Paa likivuja, aliyelowa ni yeye, na hakuhitaji alama ya mwalimu ili ajue kwamba kazi haijakamilika.

Historia hii isitukuzwe kupita kiasi, kwa kuwa utaratibu huo ulikuwa wa wavulana. Stadi za wanawake zilikua kwa njia nyingine, kama inavyoonekana kwa wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa sokoni Matema, wilayani Kyela. Shule ya leo ina nafasi ya kuwapa wasichana na wavulana fursa ileile.

4.0 Mfano wa kufundishia: jani la chai

Mfano ufuatao ni wa kidhahania, nao unalenga kuonesha jinsi hatua ya kwanza inavyobadili hatua zote zinazofuata. Mwalimu anaweza kutoa zoezi hili: "Tengenezeni kapu bora la kuchumia chai." Wanafunzi watachora makapu, na mwenye mchoro mzuri atapata alama nyingi. Zoezi hilo lina kasoro moja kubwa: tatizo limeamuliwa kabla ya kumsikiliza mchumaji.

Mwalimu mwingine anauliza: "Mchumaji anasumbuliwa na nini, tangu anapochuma jani hadi linapopimwa?" Wanafunzi wanakwenda shambani, wanatazama na kuhoji kwa Kinyakyusa au Kiswahili. Wanajifunza kwamba jani lililoshindiliwa hupata joto na kuharibika. Aidha, wanagundua kwamba katika shamba hilo jani huharibika zaidi wakati wa kulisubiri gari la kiwandani. Tatizo sasa si kapu tena, bali ni muda wa kusubiri. Wazo linalozaliwa ni chanja cha mianzi chenye kivuli, ambapo jani linatandazwa badala ya kurundikwa. Kielelezo cha kwanza kinajaribiwa, mvua ya upepo inaingia kutoka ubavuni, na wanafunzi wanarudi kukirekebisha. Kila mara wanaandika walichodhani, walichokiona na walichokibadili.

5.0 Changamoto ya upimaji na lugha

Daftari hilo la marekebisho ndilo ushahidi wa kujifunza, lakini ndilo linaloweza kukosa thamani iwapo mtihani wa mwisho utauliza tu: "Taja hatua tano za fikra za usanifu." Mwanafunzi atazitaja zote bila kuwahi kumhoji mtu yeyote. Onyo hili si jipya. Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua kuhusu shamba la shule, na waone matokeo ya maamuzi yao. Pale ambapo shamba lilibaki kuwa mahali pa kutumwa kulima, jembe lilikuwepo lakini elimu iliyokusudiwa haikuwepo.

Changamoto ya pili ni lugha. Mwanafunzi aliyemsikiliza mchumaji kwa Kinyakyusa akilazimika kuandika alichokisikia kwa Kiingereza pekee, maelezo yenye uzito zaidi yanaweza kupotea njiani. Inafaa madokezo ya uwandani yaandikwe katika lugha ya mazungumzo, na tafsiri ifuate pale inapohitajika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kufundisha fikra za usanifu hakuhitaji kuanza na kompyuta au karakana ya gharama kubwa. Kunahitaji mtumiaji halisi, tatizo lisiloamuliwa mapema na ruhusa ya kukosea na kurekebisha. Inapendekezwa kwamba upimaji wa somo lolote la ubunifu utenge alama kwa ajili ya kumbukumbu za majaribio, yakiwemo yaliyoshindikana, na kwamba mtumiaji wa kifaa naye apewe nafasi ya kukitolea maoni. Bila hayo, mwanafunzi wa Rungwe atahitimu akiwa na jina la mbinu, huku jani la chai likiendelea kuharibika kando ya barabara anayopita kila siku kwenda shule.