Sinema ya Bure na Mwizi Aliyefichwa Ndani Yake

Wazee wetu walikwisha kutuusia kwamba rahisi ni ghali. Usia huo unawafaa sana vijana wa leo, ambao hupakua kutoka katika intaneti sinema za mapigano zilizoibwa, wakazitazama pasipo kulipa hata senti moja. Kijana hudhani amepata bahati. Kumbe huenda amemfungulia mwizi mlango wa nyumba yao.

Mnamo Desemba 2021, watu wengi walipokuwa wakiisaka filamu mpya ya Spider-Man: No Way Home, wachunguzi wa kampuni ya ReasonLabs waligundua faili lililobeba jina la filamu hiyo, lakini ndani yake mlikuwa na programu ya siri. Programu hiyo iliitumikisha kompyuta ya mpakuaji kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero, kwa faida ya mtu asiyejulikana. Aliyetafuta burudani aliachiwa mashine nzito na gharama ya umeme.

Kabla ya hapo, Aprili 2020, watu walipokuwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, kampuni ya Microsoft ilitoa onyo la namna hiyo hiyo. Miongoni mwa chambo zilizotumika safari hiyo ilikuwamo filamu ya John Wick 3, na waliolengwa walikuwa hasa wakazi wa Hispania na baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini.

Hila yenyewe si ngumu. Faili la sinema kwa kawaida huishia kwa herufi mp4 au mkv. Faili linaloishia kwa exe si picha hata kidogo. Ni programu, nayo ikifunguliwa hutenda yale iliyoamriwa na mtungaji wake. Kwa kuwa Windows huficha herufi hizo za mwisho mpaka mwenyewe aiamuru kuzionyesha, mtazamaji huona jina la filamu tu, akabonyeza. Tena programu nyingine hazichimbi sarafu, bali huiba maneno ya siri au hufunga nyaraka zote na kudai fidia.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Katika nyumba nyingi, kompyuta inayoonyesha sinema usiku ndiyo inayotunza hesabu za duka asubuhi. Mchezo wa mwana waweza kuwa msiba wa mzazi.

Basi, ndugu msomaji, hapana budi tujihadhari. Tuiamuru mashine ionyeshe herufi za mwisho za kila faili. Tusikubali kamwe kufunga programu ngeni eti ndipo filamu ionekane. Nakala za hesabu zetu tuziweke mahali pengine. Na aliyekwisha kunaswa aitenge mashine hiyo na intaneti, kisha abadilishe maneno yake ya siri kwa kutumia chombo kingine kilicho salama.

Zaidi ya yote, tukumbuke kwamba filamu ni jasho la watu. Anayenunua kwa mwizi asistaajabu akiibiwa naye.