Malisho Mamoja, Nchi Mbili

Mpaka wa Tanzania na Kenya, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani katika karne ya 19, umepita katikati ya nyika moja. Kusini ni Serengeti, kaskazini ni Maasai Mara. Askari wa kila upande huulinda ipasavyo, lakini wanyama wenye kwato hawautambui. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala kwa maelfu, huelekea kaskazini wakati wa kiangazi, kisha hurejea kusini mvua zinapoanza. Hata mpaka huo ulipofungwa kati ya 1977 na 1983, magari yalisimama, nyumbu hawakusimama.

Je, makundi makubwa kiasi hicho huishije katika malisho mamoja pasipo kumalizana kwa njaa? Jibu ni kwamba hawali chakula kimoja. Pundamilia, ambaye hacheui, aweza kula kwa wingi mabua marefu na magumu. Akishapita, majani ya chini hubaki wazi, nayo ndiyo chakula cha nyumbu. Nyumbu naye akishapunguza nyasi, machipukizi mafupi na mimea midogo huwafaa swala tomi wenye midomo myembamba. Twiga hula majani ya juu ya migunga. Digidigi huchuma ya vichakani. Hivyo kila mmoja ana fungu lake, na aliyetangulia humtayarishia anayefuata.

Hata hivyo, ushirika huu huvunjika upesi. Maradhi ya sotoka, yaliyoingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, yaliua ng'ombe, nyati na nyumbu bila kubagua. Mnamo 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni tu. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, maradhi yakakoma porini, na kufikia 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja. Sindano aliyochomwa ng'ombe ndiyo iliyomwokoa nyumbu.

Mambo ndivyo yalivyo hata leo. Mto Mara, unaowanywesha wanyama hao wakati wa kiangazi, unatoka katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya. Misitu ya huko ikifyekwa, kiu huonekana Serengeti. Na mitego ya nyaya ikitegwa Serengeti, Mara hupungukiwa nyumbu. Kwa hiyo askari anayemkamata jangili upande mmoja wa mpaka analinda pia mali ya jirani yake.