Kwa Nini Mtoto Huacha Gari la Betri Akagonga Sufuria

Wazazi wengi wamewahi kujinyima wakamnunulia mtoto gari la betri, lenye taa na muziki, kisha siku chache baadaye wakamkuta jikoni akigonga sufuria kwa mwiko, gari limetupwa pembeni. Wapo wanaosema mtoto huyo hana shukrani. Mimi nasema amechagua vizuri. Gari linaimba litakavyo lenyewe, lakini sufuria inamjibu yeye: akigonga kwa nguvu inapiga kelele, akiigusa taratibu inalia kidogo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1969, nchini Marekani, mwanasaikolojia Carolyn Rovee-Collier alionyesha kwamba mtoto mchanga akifungwa utepe mguuni, nao ukaunganishwa na mapambo yanayoning'inia juu ya kitanda, huzidisha kurusha mguu mara anapotambua kuwa ndio unaoyachezesha. Mwaka 1972 John Watson na Craig Ramey wakasogea hatua moja mbele. Kwa baadhi ya watoto wa wiki 8, mapambo yaligeuka pale tu walipobonyeza mto kwa kichwa; kwa wengine yaligeuka yenyewe. Baada ya siku kadhaa, wale waliokuwa wakiyageuza wenyewe walianza kutabasamu na kutoa vijisauti vya furaha. Wenzao waliokuwa watazamaji tu hawakuchangamka vile.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye kiini cha furaha ya mtoto. Kinachomchekesha ni kugundua kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo likatokea.

Ndiyo maana mtoto wa miezi tisa huangusha kijiko, ukamwokotea, akakiangusha tena. Usidhani anakuchokoza. Anachunguza: je, kitalia vile vile? Je, mama atainama tena? Kila jibu linapokuja kama alivyolitarajia, anacheka. Sisi marudio hutuchosha. Yeye ndiyo yanayompa uhakika. Akikua kidogo, furaha hiyo hiyo huhamia kwenye gari la waya lenye magurudumu ya kandambili, mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, na ugali wa matope unaopakuliwa kwenye vifuu. Gari alilolikunja kwa mikono yake likikata kona, amelikatisha yeye.

Mtu asichukue maneno haya kuwa kisingizio cha kusema mtoto wa maskini hahitaji kitu. Huko Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1986, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto waliodumaa kwa utapiamlo. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya kila wiki, kwa saa moja, muda wa miaka miwili. Wahudumu walikuja na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, wakawaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto wao. Miaka 20 baadaye, watoto hao walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Vifaa vilikuwa duni kwa bei, lakini kila wiki kulikuwa na mtu mzima aliyeketi chini na mtoto.

Basi mpe mfuniko, kikombe cha plastiki, kipande cha khanga cha kujifichia uso. Kitu kinachoweza kuingia chote mdomoni, kama karanga, kifungo au betri ya saa, kiondoe kabisa. Akichezea maji, hata ya beseni, usimwache peke yake. Kisha mwache arudie anavyotaka, nawe umjibu.

Na ukiona mtoto aliyezoea kuchezea kila kitu amepoa ghafla, hataki hata mfuniko wake, usiseme ametulia. Mara nyingi homa au njaa humwondolea mtoto hamu ya kucheza kabla hajaweza kusema anaumwa. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.