Mashine ya Presha Nayo Hupimwa

Leo tuzungumze juu ya mashine ya presha, ile ya betri inayojaza upepo yenyewe na kuonyesha namba.

Mashine hizi sasa zimefika vijijini. Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, na mashine ya presha imo. Nyingine zinauzwa madukani. Lakini je, namba yake ni ya kweli?

Mashine hii haisikilizi mshipa kama muuguzi anavyofanya. Huhisi mtetemo wa damu kupitia mkanda, kisha hupiga hesabu aliyoiweka mtengenezaji. Ndiyo maana kila aina hupaswa kujaribiwa kwanza. Kanuni ya kimataifa inataka watu wasiopungua 85, na kwa wastani mashine isipishane na wapimaji waliofunzwa kwa zaidi ya 5.

Wajawazito wanahitaji jaribio lao wenyewe. Presha ya mimba, ile inayoweza kuleta kifafa, hubadilisha mishipa, na mashine nyingi huonyesha namba ya chini kuliko ilivyo. Mama huambiwa yuko sawa, kumbe yuko hatarini. Mashine iitwayo CRADLE, yenye taa za kijani, manjano na nyekundu, ilijaribiwa kwa wajawazito, wakiwemo wenye hali hiyo, na imetumika hata kwa jirani zetu Uganda.

Kama una mashine nyumbani, au unataka kununua, fanya hivi:

1. Uliza kama aina hiyo imejaribiwa, na kama imejaribiwa kwa wajawazito. Chagua ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono.

2. Pima mzunguko wa mkono kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza namba. Mkubwa kwa mkono mwembamba huipunguza.

3. Kila mwaka, au mashine ikianguka, ipeleke kliniki. Uliza kwanza kama mashine yao imekaguliwa. Nenda haja ndogo, kisha keti kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo. Muuguzi apime, halafu mashine yako, kwa zamu, mara 3 kila mmoja, mkono uleule, mkipumzika dakika 1 katikati.

Linganisheni wastani wa namba za juu. Muuguzi akipata 138 na mashine 134, tofauti ni 4. Hiyo ni sawa. Ikiwa 6 hadi 10, rudieni. Ikizidi 10, usiitegemee.

Mama mjamzito, kumbuka: kichwa kikiuma bila kupoa, macho yakiona ukungu au vimulimuli, ukiumwa chini ya mbavu, au uso na mikono ikivimba ghafla, nenda hospitali mara moja, hata mashine ikisema 120 kwa 80. Ikisema 140 kwa 90, kapimwe siku hiyohiyo. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura. Tafuta gari sasa hivi, hata kama ni usiku.

Hadi kipindi kijacho, kwaherini.